Fundi wa Bao wa Kendwa

Asubuhi hiyo nilitoka nyumbani kwenda kunyoa. Sikuwa na jambo jingine, ila nywele zilikuwa zimenizidi. Kinyozi wetu wa Mlandege alikuwa na watu watano wanaosubiri kwenye benchi, na wa sita kitini, na huyo wa sita alikuwa akisimulia kesi ya shemeji yake kwa kirefu hata kinyozi akawa anasimamisha mkasi kila baada ya neno. Nikasimama mlangoni, nikahesabu vichwa, nikachoka. Nyuma yangu gari la shamba lilikuwa likipiga honi kuita watu wa Nungwi. Nikageuka, nikapanda. Hela ya kunyoa ikawa nauli.

Ndivyo nilivyokuwa. Shule niliiacha darasa la sita. Hakuna aliyenifukuza, dirisha la darasa letu lilitazama barabarani, na kila kilichopita nilitaka kujua kinakwenda wapi. Baada ya hapo niliziba pancha za baiskeli, nikapaka rangi milango, nikabeba zege kwenye majumba ya ghorofa yaliyokuwa yanaanza kusimama Ng'ambo. Kazi zote nilizipenda mwezi wa kwanza.

Kitu kimoja tu sikuwahi kukichoka, nacho ni bao. Gari lilipovuka Mahonda nikaanza kuelewa kwa nini miguu yangu ilichagua gari la Nungwi, nisichague la Makunduchi.

Barazani kwetu tulikuwa na sheria yetu. Kila mchezaji wa bao huanza na kete nyingine ubaoni na nyingine mkononi, akizitia moja moja. Ukifungwa huku bado unazo za mkononi, umefungwa vibaya, na watu hukupigia kelele, "Mkononi! Mkononi!" Sasa kwetu, mtu akifungwa mkononi mara tatu mfululizo katika kikao kimoja, hagusi tena kete. Huwamiminia wenzake kahawa na kuosha vikombe, mpaka amfunge yule aliyemfunga, au amfunge aliyemfundisha yule aliyemfunga. Sheria hiyo ilitungwa kwa mzaha, lakini ikafuatwa kuliko zile za barabarani.

Mimi nilikuwa nimewafunga wote pale barazani. Ndipo siku moja akapita muuza pweza mkavu kutoka kaskazini, akatua kapu lake, akaniambia, "Bwana mdogo, nipe mchezo mmoja nipumzishe miguu."

Alipumzisha miguu kwa michezo mitatu, na yote mitatu alinifunga mkononi. Kabla sijainua kichwa, baraza zima lilikuwa limesimama.

"Mpeni dele! Mpeni dele la kahawa!"

"Na kikombe changu kioshe vizuri, bingwa, jana kilikuwa na masizi!"

Nilimimina kahawa miezi miwili. Wasioijua baraza watasema ni jambo dogo. Lakini kukaa kila siku baada ya Alasiri hatua mbili kutoka kwenye bao, ukaona shimo ambalo mtu alipaswa kulicheza na hakulicheza, halafu ukaambiwa, "We mimina, usiseme," ni kama kukaa mbele ya sinia la pilau umefungwa mdomo. Nilitaka nafasi yangu irudi. Nilichokitaka kilikuwa hicho tu.

Basi nikajiandaa. Nilichimba mashimo uani kwetu, mama akalalamika kuwa kuku wake watavunjika miguu. Nikawa nacheza mwenyewe kwa mwenyewe, mkono wa kulia mimi, wa kushoto muuza pweza, nikiirudia ile michezo mitatu kama nilivyoikumbuka. Nilipoteza mara nyingi sana kwa mkono wa kushoto. Hatimaye nikamwona anavyofanya. Safu yake ya mbele, ambayo ndiyo inayoliwa na ikiwa tupu umefungwa, aliiacha nyembamba; kete zake alizirundika safu ya nyuma, pasipofikika. Mimi nikawa nakula makombo na kunona mbele. Kisha akanitega mpaka nikaivunja nyumba yangu, lile shimo kubwa lenye akiba ya kete, na hapo akanimaliza. Nikajiandikia dawa kichwani: usinone mbele, na nyumba usiiguse.

Dawa ilipokuwa tayari, mgonjwa alikuwa ameondoka. Muuza pweza alikwenda dago, kambi ya uvuvi, huko Pemba na wavuvi wenzake, na hakuna aliyejua atarudi lini. Lakini kabla hajaondoka nilikuwa nimemuuliza nani alimfundisha.

"Fundi wangu yuko Kendwa," alisema. "Nyumba yenye mti wa mkungu mlangoni. Lakini usende, bwana mdogo. Utarudi huna hata viatu."

Gari liliniteremsha penye njia ya miguu inayokata kuelekea pwani. Nikapita maweni na vichaka, nikatokea kwenye minazi, na baada ya kuuliza mara moja tu nikauona mkungu. Chini ya ukuta, kivulini, mzee mmoja alikuwa anasuka dema la kutegea samaki. Kando yake palikuwa na bao la mbao, limeng'aa kwa mikono ya watu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Watoka wapi?"

"Mjini."

"Wataka samaki?"

"Nimekuja kucheza bao."

Mzee aliliweka dema chini, akanitazama toka nywele mpaka viatu, akavuta bao. Nikaanza kwa hadhari kubwa, kila kete nikiifikiria mara tatu. Haikuhitajika. Nilimfunga. Tukarudia, nikamfunga tena, mara hii mkononi. Nikajiona nimeshafika barazani kwetu, nimekaa mahali pangu, na mwingine anaosha vikombe. Nikasema, kwa unyenyekevu wa uongo, "Samahani, mzee wangu. Nimesikia sifa zako mpaka mjini."

Mzee alicheka mpaka akashika ubavu.

"Sifa zangu? Mimi huku hata mbuzi wananifunga!" Akageukia mlango, akapaza sauti. "Dada! Kuna mtu wa mjini hapa, kaja kutafuta wa kumfunga!"

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mlio niliokuwa nausikia muda wote bila kuujali, wa nazi inayofuliwa kwenye kifuo, ule mti wenye ncha wa kuchania makumbi. Mlio ukakoma. Akatokea mwanamke wa makamo, kanga ameifunga kiunoni, nyuzi za makumbi zimemganda mikononi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Nani kakutuma?"

Nikamtaja yule muuza pweza.

"Aa, yule. Nlimfundisha mwenyewe, na mpaka leo hucheza kama mtu anayekimbizwa. Na mama'ko anajua uko wapi?"

"Anajua nimekwenda kunyoa."

Akakitazama kichwa changu. "Kinyozi wenu hajui kazi," akasema, akatangulia uani. Kaka yake akabeba dema lake, akatufuata ili asikose kuona.

Bao lake lilikuwa chini. Alikuwa amechimba mashimo thelathini na mawili kwenye udongo, na miaka ya kucheza imeyafanya laini kama bakuli. Kete zilikuwa komwe za kijivu. Alisema baba yake aliwafundisha wote wawili, na kaka yake alisahau.

"Sikusahau," kaka akasema. "Nlijionea huruma."

Nikaketi na dawa yangu kichwani. Usinone mbele, nyumba usiiguse. Nilianza vizuri, na kwa muda nikamwona anafikiri. Kisha nikala kete zake nne, nikazisambaza, ya mwisho ikaanguka shimo lenye kete nyingi. Mkono wangu ukazizoa zote na kuendelea kusambaza, kama unavyofanya kwenye shimo lolote. Nilipofika katikati nikaona kaka ameacha kusuka dema.

Ilikuwa nyumba yangu.

Mchezaji anayeishia kwenye nyumba yake ana hiari ya kusimama, nami nilitakiwa kusimama. Lakini mabao yetu ya mjini yamechongwa, na shimo la nyumba lina pembe nne. Miaka yote kidole changu kilikuwa kikizigusa zile pembe na kunionya, wala sikujua kwamba kidole ndicho kinachonichezea. Hapa mashimo yote yalikuwa ya mviringo.

"Umehama mwenyewe, mwanangu," Bi akasema kwa upole, "wala sikukufukuza." Akanifunga nikiwa na kete kumi mkononi.

"Watu wa mjini!" kaka akapiga paja. "Mnajengewa maghorofa, na nyumba ya shimo moja imewashinda!"

Mchezo wa pili nikaokota jani la mkungu, nikaliweka kando ya shimo langu la nyumba.

"Weka, weka," akasema Bi. "Weka na mlinzi mlangoni."

Mara hii sikuigusa. Niliilinda nyumba ile kama mtu anayelinda kitu kisicho chake. Nilicheza huku na huku, nikikwepa, na yeye akawa anala mashimo yangu madogo moja baada ya jingine, taratibu, kama mtu anayechambua mchele. Mwishowe nikabaki na nyumba peke yake, imenona, na jani lake. Akatia kete mbele yake, akaila yote. Mkononi tena. Nikaelewa kwamba dawa niliyoitengeneza kwa miezi miwili ilikuwa ya mwanafunzi. Mwalimu alikuwa anaila kama chakula.

Bi alifuta mikono kwenye kanga, akaangalia jua.

"Gari la mwisho hupita baada ya Alasiri. Ukenda sasa hivi utaliwahi. Au tucheze la tatu. Ukinifunga, nenda kawaambie wa kwenu. Ukifungwa, nyuma ziko nazi mia tano hazijafuliwa, na kaka mgongo haumsaidii. Utabaki uzifue."

"Na nikifungwa mkononi?"

"Mia tano hizo, na za jirani pia."

"Kubali, kijana!" kaka akasema. "Mgongo wangu unakuombea dua!"

Ningeondoka, ningerudi kwenye dele langu, na barazani wasingejua hata kwamba nilifika Kendwa. Lakini nilishamwona akicheza michezo miwili, na kuna jambo nilitaka kulijaribu kuliko nilivyotaka kurudi. Nikaketi.

Safari hii niliitupa dawa. Mapema kabisa, kabla hajanitega, niliivunja nyumba yangu kwa hiari yangu, nikazitawanya kete zote mashimoni. Bi aliinua uso. Akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayemtazama mtu.

"Kumbe," akasema.

Tangu hapo nilikuwa simtazami mikono tena, nikitazama shimo alilolikwepa kwa macho, maana nilishagundua kwamba analotaka kulila halitazami. Nikawa nalihamisha kabla hajafika. Kete zangu za mkononi zikawa kumi, zikawa sita, zikawa mbili. Ya mwisho ilipotoka kidoleni nilikuwa bado nina safu nzima mbele, na kaka yake akasimama na dema mkononi akapiga kelele, "Kamaliza za mkononi! Dada, mtu kamaliza!" Mimi mwenyewe nilipiga kelele, sijui nilisema nini.

Sasa tulikuwa kwenye nusu ya pili ya mchezo, zile kete za mkononi zimekwisha na kila mtu anatumia zilizomo mashimoni tu. Kwa muuza pweza sikuwahi kufika hapo, na nusu hiyo sikuwa nimejiandaa nayo hata kidogo. Nikala mara moja, nikala tena. Safu yake ya mbele ikabaki na mashimo mawili tu yenye kitu. Nikaanza kuhesabu: nikiyala yale mawili, hana tena. Nilikuwa nimebakisha zamu moja.

Bi akazoa kete za shimo moja la nyuma, akaanza kusambaza. Akazunguka, akala, akazunguka, akala tena. Mkono wake haukukimbia wala haukusita. Raundi ya kwanza nilimfuata, ya pili nikampoteza, ya tatu nikaacha kuhesabu nikawa natazama tu. Komwe zilikuwa zinaanguka kwa mlio mmoja, tap, tap, tap. Aliposimama, safu yangu ya mbele ilikuwa tupu yote, mashimo manane masafi kama yamefagiliwa.

"Hamna," akasema.

Nilicheka. Sikujizuia. Miezi miwili sikuwa nimecheka mbele ya bao, na pale nimefungwa, nimekosa gari, nafasi yangu barazani haijarudi, nikacheka mpaka na Bi akacheka.

"Lile la nyuma," nikasema, "ulilitunza tangu lini?"

"Tangu ulipoivunja nyumba. Ulinitisha, basi nikaweka akiba." Akaanza kukusanya komwe ndani ya kifuu. "Kesho nitakuonyesha. Leo umechoka, na mimi nina muhogo motoni."

Kaka yake alinichukua kwake, nyumba ya pili, ambako kulikuwa na banda la kuhifadhia mbata. Magunia tuliyasukuma upande mmoja, tukaingiza kitanda cha kamba, na mkewe akaleta shuka na mto. Harufu ya nazi kavu ilikuwa nzito kiasi cha kuilamba. Mlango ulitazama baharini, na jua lilikuwa bado halijazama. Akaniambia atampa dereva salamu asubuhi, zifike kwetu kwamba mimi ni mzima.

"Nazi mia tano ni kazi ya siku ngapi?" nikamuuliza.

"Kwa mzoefu, asubuhi moja." Akanishika mikono, akaigeuza viganja juu, akavitazama kama anayekagua samaki. "Kwa hii yako, siku nne."

Nikafikiri: siku nne, na kila siku baada ya Alasiri michezo mitatu.

"Mikono yangu mizito sana, mzee wangu," nikamwambia. "Labda siku sita."