Alama ya Tatu ya Kiguru

Kazini walimwita Mama Makopo, kwa sababu miaka kumi na moja alikuwa akiokota makopo, maganda na mifuko wanayoacha wageni kwenye meza za mapumziko ndani ya hifadhi. Wageni, hata wenye vitambi na miwani myeusi, aliwakemea bila haya. Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Huko alikuwepo mama mkwe, na kwa mama mkwe jibu lake, tangu aolewe miaka tisa iliyopita, lilikuwa moja tu: ndiyo, mama.

Siku moja familia za wafanyakazi ziliruhusiwa kuingia hifadhini, akamleta mama mkwe. Njia nzima alimweleza, kwa upole wa mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa, kwamba nyani hapewi chakula, hata ganda. Akizoea mkono wa mtu huanza kupora, kila akipora huwekewa alama kwenye daftari la askari, na alama ya tatu ni risasi. Dume mmoja mzee, Kiguru, aliyepewa jina hilo kwa mguu wake mbovu, tayari alikuwa nazo mbili. Mama mkwe akasema amesikia, yeye si kiziwi.

Mama Makopo akaenda kumwaga pipa. Alipogeuka, aliliachia pipa. Mama mkwe alikuwa anampa Kiguru kipande cha mkate, mkono kwa mkono, huku akicheka. Kiguru alikimeza, akasogea, akaonyesha meno. Sasa alikuwa anautazama mkoba.

"Mama, dondosha mkoba," alisema Mama Makopo, kwa sauti ambayo nyumba yake haijawahi kuisikia. "Usimtazame machoni, usikimbie. Rudi kinyumenyume mpaka kwangu."

"Miwani yangu imo humo."

"Dondosha."

Mama mkwe akadondosha. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kiguru akaruka, akauburura mkoba hadi vichakani. Mama mkwe akaudaka mkono wa mkamwana wake, akaung'ang'ania mpaka kucha zikazama.

Askari alikuja na daftari lake. Akaeleza kwamba kama mgeni ndiye aliyeanza kumlisha, kosa ni la mgeni, naye hakanyagi hapa mwaka mzima. Kama nyani ameanza mwenyewe, basi ni alama ya nyani.

"Kanipora tu," alisema mama mkwe bila kupepesa macho. "Mimi nilikuwa nimekaa zangu."

Askari akafungua kalamu.

Mama Makopo angeweza kumezea. Kumuumbua mama mkwe mbele ya mtu baki ni kujitafutia vita visivyoisha chini ya paa lake mwenyewe, na alilijua hilo vizuri. Lakini alama hiyo ingekuwa ya tatu. Kila asubuhi Kiguru hukaa mbali akimtazama anavyofagia, na hajawahi kumnyang'anya hata ufagio.

"Alimpa mkate," alisema. "Nimemwona kwa macho yangu. Andika jina la mama."

Askari akaandika. Mama mkwe akatangulia kuelekea getini, shingo imesimama. Kwenye ngazi za geti akasimama.

"Kumbe sauti unayo," alisema bila kugeuka.

"Ninayo, mama."

"Miaka tisa unanificha."

Kisha akanyoosha mkono nyuma ashikwe, maana miwani ilikuwa imebaki kwa Kiguru na ngazi hakuziona. Mama Makopo akaushika.