Mkunazi wa jirani ulivyotaka kumeza shamba langu Birongo

Wakuu, salamu kwenu, vijana na wazee wenzangu mlio humu.

Nimeona watu wanaulizana jinsi ya kuotesha mkunazi nyuma ya nyumba, wanawekeana picha wakifurahi. Nimecheka peke yangu. Wacha niwaambie yaliyonipata, na pale penye aibu yangu sitaruka.

Ilikuwa miaka ya sitini ikiisha, kabla wapimaji wa mashamba hawajafika kwetu.

Jirani yangu Onchiri alikuwa mpishi Mombasa. Akarudi na miche miwili ya mkunazi ndani ya kopo la mafuta, na maringo ya kujaza lori. Ukimwambia habari ya ndizi, anakwambia Mombasa. Ukimuuliza ibada ni saa ngapi, Mombasa.

Mche mmoja ulikufa na baridi. Ule mwingine akaupanda karibu na mpaka wetu, ukashika. Mpaka wenyewe ulikuwa mtaro mdogo tu, na mimi kwa uvivu wangu nilikuwa nimeuacha ukajaa udongo.

Na hayo matunda sasa! Mkunazi unataka jua kali na ukavu. Huku Birongo, Kisii, mvua haituachi. Kunazi zikatoka ndogo, maji maji, nusu zina funza. Onchiri anakula, anafumba macho, ati asali.

Miaka michache ikapita, miche ikaanza kuota upande wangu, katikati ya migomba. Kumbe mizizi ya mkunazi inatembea chini kwa chini, na ukiikwaruza na jembe inatoa sucker, yaani chipukizi, hapo hapo. Mimi nalima ndizi zangu, nakata mizizi bila kujua, na miche inazidi.

Mke wangu Kemunto akasema, "Baba Moraa, ng'oa hiyo miiba."

Nikamjibu, "Seedlings za bure ning'oe? Wewe hujui farming."

Nikaiwekea mbolea ya ng'ombe. Ndiyo, mimi. Chekeni tu.

Halafu tukaambiwa wapimaji wanakuja. Siku hizo karatasi hakuna, shamba unalionyesha kwa kile ulichopanda. Wazee wa kuamua mipaka walipofika, Onchiri akasimama na kofia yake, akanyoosha fimbo mpaka kwa mche wa mwisho.

"Wazee, nani mwingine hapa ana mkunazi? Hii yote nilipanda na mkono wangu. Huyu amenipalilia tu, nashukuru."

Hatua kumi na mbili za shamba, wakuu! Ndizi za kulisha watoto wangu. Ningesema nini? Kweli sikuwa nimepanda.

Wazee wakaanza kuitikia upande wake.

Kemunto hakuomba nafasi ya kuongea, maana mwanamke hakupewa. Alichukua jembe, akaanza kufukua chini ya mche mmoja. Mzizi ukaonekana, mnene kama kidole gumba. Akaufuata. Anafukua, anavuta, wazee wako nyuma yake. Ukapita migomba yote. Halafu jembe likazama kwa udongo laini na majani yaliyooza. Mtaro wetu wa zamani! Mzizi ukauvuka, ukaenda moja kwa moja kwa shina la mkunazi wa Onchiri.

Mzee mmoja akamuuliza, "Onchiri, ulipanda na mkono wako, ama mti ulijitembeza?"

"Mizizi ni yangu!"

"Basi ng'ombe yako akiingia kwa mahindi yangu, shamba linakuwa lako? Huko Mombasa ndio hufanya hivyo?"

Watu wakacheka mpaka Onchiri akavua kofia. Mpaka ukawekwa pale kwa mtaro.

Mimi niling'oa ile miche siku mbili, mikono damu tupu, na Kemunto anapita na mtungi wa maji haniangalii. Baadaye akapanda chai hapo. Hakuniuliza, na sikuthubutu kumwambia kitu kuhusu farming.

Kwa hivyo ninyi ma-expert wa picha, mkunazi panda mbali na mpaka, na jembe lisikaribie mizizi yake. Na ukiona mche wa bure kwa shamba lako, kabla ya kuuwekea mbolea, fukua uone umetoka kwa nani.

Sasa semeni. Kuna mwingine humu ambaye mti wa jirani ulitaka kumpokonya shamba, ama mjinga nilikuwa mimi peke yangu? Hata matusi napokea.