Meno Mawili Ndani ya Karai

Juzi alasiri, huko mtaani Kuze, nilisimama kumtazama dereva mmoja akimwaga mafuta ya difu, zile gia zinazozungusha magurudumu, mbele ya nyumba yake. Gari lilikuwa jipu la jeshi, katika yale yaliyouzwa vita vilipokwisha. Tajiri wake alimwambia alipeleke kwa fundi likabadilishwe mafuta. "Fundi wa nini?" dereva aliniambia, akaliinua kwa jeki, akaliegemeza juu ya mawe, akajitia chini yake. Kila akivuta spana mawe yalilia, nami nikarudi nyuma hatua moja.

Nati ikafunguka, mafuta meusi yakashuka ndani ya karai. Akayapapasa, kisha akapiga ukelele: "Yallah! Meno yameng'oka! Mawili!"

Mkewe alikuwa ghorofani. Aliporomoka ngazi bila buibui, mwiko mkononi. "Gari limemwangukia! Jamani, mtoeni!" Nilimshika yule dereva mguu nimvute, ukaniponyoka.

Akatoka mwenyewe, uso umejaa mafuta. Mkewe akamkamata kidevu. "Fungua kanwa nione!"

"Si yangu, mke wangu. Ni ya gia." Akakunjua kiganja, na ndani mna vipande viwili vya chuma.

Mkewe akaketi barazani, akilia na kucheka. Mume hakucheka. "Bwana," aliniuliza polepole, "nani ataamini yalivunjika kabla sijaligusa gari?"

Kwa mkewe kanwa lilifunguka mara moja. Mbele ya tajiri, kesho yake, sidhani kama lilifunguka kueleza hayo.