Kumtafutia Mama Harusi ya Maskati

Mdogo wangu wa mwisho aliolewa Maskati, na mama hakwenda. Daktari alimkataza kupanda ndege kwa sababu ya moyo. Kutazama kwenye simu nako hawezi, ana mtoto wa jicho. Sura ya mtu haitambui mpaka iwe kubwa kama sinia. Ikabaki runinga ya sebuleni, hapa kwetu Isevya, na mimi dada mtu nikaachiwa kazi ya kuitoa harusi Maskati na kuileta Tabora.

Wala hakutaka harusi nzima. Alitaka kumwona binti yake pale bwana harusi anapoingia chumbani kumpa mkono. "Mengine mtanisimulia," aliniambia. "Hapo nataka niuone uso wake mwenyewe." Binamu zetu wa kule walikubali kurusha mbashara kwa simu, kwa wanawake tu, na kwa sharti moja: hakuna kuhifadhi. Ikipita imepita, picha za wake za watu zisije zikazagaa mitandaoni. Sharti la haki, sikatai, lakini lilininyima usingizi.

Nikaanza na runinga yenyewe. Kaka yangu alipoileta alijigamba kwamba inashika intaneti. Inashika, ndiyo, kama bibi kizee anavyotunga uzi kwenye sindano. Unabonyeza herufi moja, unasubiri, inakuja nyingine. Nikaazima kwa shemeji kisanduku cha Kichina cha kuitilia runinga intaneti. Picha yake safi, ila kila nikikiwasha kinataka kwanza kujisasisha, na rimoti yake inaitika ikipenda. Mama alikipenda kwa sababu kina taa ya bluu. Alisema hicho angalau mtu anajua kiko macho. Nikaunganisha waya kutoka kwenye simu yangu, simu ikachemka, na kila aliyenipigia alimkatia mama tamthilia yake ya Kituruki katikati ya ugomvi. Akanuna, kana kwamba mimi ndiye niliyewaambia watu wapige.

Mwishowe nikanunua kijiti, kile kidude cha kuchomeka nyuma ya runinga. Hicho kilikuwa kiboko. Wiki nzima tulikitazamia tamthilia na mawaidha, hakikukwama hata mara moja. Nikatembea humu ndani kifua mbele, fundi wa nyumba.

Nilichosahau ni kwamba wiki nzima tulikuwa wawili. Siku ya harusi mama alialika nusu ya wanawake wa mtaa, maana kwake kutazama harusi peke yako ni uchoyo. Alasiri mikeka ikajaa, udi ukafukizwa, visheti vikapita. Yeye akakaa kiti cha mbele na kanga yake mpya, karibu na kioo kiasi cha kukigusa. Picha ikaja. Tukawaona wanawake wa Maskati wakipita na masinia, na mama akawa anauliza huyu nani, yule nani, na mimi namjibu. Kisha picha ikasita. Ikaenda kidogo, ikasita tena, halafu kikatokea kile kigurudumu kinachozunguka.

Nikakichomoa kijiti, nikakirudisha. Nikazima ruta, nikawasha. Nikakitukana kimoyomoyo pamoja na aliyeniuzia. Hapo ndipo nikasikia kasida nyuma yangu. Ilitoka mkekani, kisha ikatoka tena pembeni, nyuma kidogo ya ile ya kwanza, kisha dirishani. Nikageuka. Karibu kila mgeni alikuwa ameinamia simu yake.

Linki nilimtumia mama mdogo wa Bukene peke yake, kwa kuwa hakuweza kuja. Yeye akaisambaza kwa wema wake. Na neno la siri la waifai yetu mama alikuwa akiligawa mlangoni pamoja na sharubati, kama anavyogawa siku zote, kwa sababu mgeni hanyimwi maji. Runinga iliposita kidogo, kila mmoja alifungua yake, na kila aliyefungua alizidi kuibana.

Nikamwinamia mama. "Waambie wazime, mama. Wao ndio wanaotubana."

"Niwaambie nini wageni wangu? Niwaite, kisha niwafukuze kwa mdomo?"

"Basi nitawaambia mimi."

Akanishika mkono, akanivuta nikae. Mkono wa mama yangu mgonjwa wa moyo una nguvu akitaka. Nilikasirika hadi macho yakaniuma. Nikakaa, nikakikodolea kile kigurudumu kama mtu anayeweza kukitisha.

Kigelegele cha kwanza kilitoka dirishani. Kikafuata cha mkekani, kisha cha pembeni, kila mmoja kwa kadiri simu yake ilivyofika. Bwana harusi alikuwa ameingia. Mama wa bibi harusi hanyamazi wageni wakipiga vigelegele, kwa hiyo mama akainua uso na yeye akapiga, kirefu kuliko vyote, akiwa ameielekea runinga iliyokuwa bado inazungusha kigurudumu.

Wageni wakaanza kumkumbatia. Yeye akanivuta karibu, akaninong'oneza, "Alikuwa analia?"

Nikamwambia sijui, mama. Na mimi nilikuwa naangalia runinga.