Bastola ya mikono miwili: sefti ya kulia imelika, ya kushoto bado mpya, nikataka kumfukuza shemeji yangu

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Mimi ni mtu ambaye hakuna kitu cha kunishangaza. Nilianza na baiskeli ya marehemu baba, nanunua korosho kilo mbili tatu huko Makote, nikaishia na Fuso mbili na nyumba ya bati la rangi Newala mjini. Shule niliishia darasa la nne. Waliomaliza la saba wamenibebea magunia.

Lakini kuna kichuma kidogo, hakifiki urefu wa kidole gumba, kilinikalisha chini.

Nitasema kweli yote, hata pale inaponivua nguo.

Ilikuwa enzi za ruksa. Ushirika umelegea, sisi wanunuzi binafsi tumeruhusiwa, na mkulima hataki karatasi, anataka noti mkononi leo hii. Kwa hiyo msimu ukifika unatembea na mfuko wa hela kutoka Kitangari mpaka Nanganga, na kila mtu barabarani anajua umebeba nini.

Nikaomba kibali cha silaha. Nikahojiwa polisi, wazee wa mtaa wakanidhamini kwa tabia, nikapata.

Nikapanda basi mpaka Dar dukani. Muuzaji akanitolea bastola mbili za semi-automatic. Moja ya kawaida, sefti, kile kichuma cha kuzuia risasi isitoke, ipo kushoto tu, unaisukuma kwa dole gumba la mkono wa kulia. Ya pili sefti ipo pande zote mbili, kulia na kushoto, hata mtu wa shoto anaitumia kwa ile ya kulia.

Nikamuuliza ipi ghali. Akasema ya pili.

Nikasema nipe hiyo.

Mimi si mtu wa shoto, wakuu. Niliinunua kwa sababu ilikuwa ghali. Mnisamehe, hela ilikuwa mpya mfukoni.

Siku niliyoileta nyumbani majirani walijaa. Nikatoa risasi zote, nikawaonyesha. Sefti ikiwa juu, imelala. Ikiwa chini, imeamka. Mke wangu Mama Zuhura alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, anaangalia, hasemi kitu. Ndivyo alivyo. Mimi nasema maneno ya watu wawili, yeye anabakiwa na ya kwake.

Miaka tisa nikaivaa kiunoni. Sijawahi kuipiga kwa mtu, Mungu ananiona. Nilipiga mara chache tu, kwenye eneo la kupimia shabaha.

Sasa kwa wale wanaopenda kuuliza uimara wa hizi silaha: mtutu haukuwa na tatizo. Springi ya magazini, kile kikasha cha risasi, ililegea nikabadilisha. Kinachoila bastola ya huku kwetu si risasi, ni jasho na ule mchanga mwekundu wa barabarani. Unaingia kila tundu. Usipofuta, chuma kinasagwa kama mahindi.

Mwaka wa tisa nikaona sefti ya upande wa kulia inacheza. Unaigusa inatikisika kama jino la mtoto.

Nikatoa risasi, nikashuka Masasi kwa Mzee Hilari. Huyu alikuwa fundi mwenye leseni, anatengeneza magobore na shotigani za wawindaji wa nguruwe pori. Yeye Mmakua, mimi Mmakonde, kwa hiyo kazi haianzi mpaka tumetaniana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba tajiri. Umeleta chuma au umeleta majivuno?"

"Nimeleta vyote, mzee, anza na kilichoharibika."

Akaifungua juu ya gazeti, akafuta weusi wa ndani, akasema grisi. Akavaa miwani. Akakaa muda mrefu mpaka nikaanza kuhesabu magobore ukutani.

Akaniita nikaangalie. Akanieleza kwamba hizi sefti mbili zimeshikana ndani kwa ulimi mdogo unaoingia kwenye tundu. Ukisukuma ya kushoto, ya kulia inafuata tu, haina mzigo. Lakini ukisukuma ya kulia, nguvu yote inapita kwenye ule ulimi. Ndiyo maana kwenye bastola za namna hii pale pa maungio panawahi kuchoka.

"Sasa huu ulimi wako umelika," akasema. "Na yale meno ya kushikia dole, upande wa kulia yamefutika kabisa. Pamekuwa laini kama sabuni iliyotumika."

Akaigeuza.

"Upande wa kushoto, pitisha kidole."

Nikapitisha. Meno makali, kama imetoka dukani juzi.

"Wewe unatumia mkono gani?"

"Wa kulia."

Mzee Hilari akavua miwani. "Basi mambo mawili, mtani. La kwanza, wewe hii sefti huijui. Hujawahi kuifunga. La pili, kuna mtu wa shoto anaishika hii bastola karibu kila siku ya Mungu."

Lile la kwanza halikuingia masikioni. Mimi nisifunge sefti? Mimi niliyewafundisha majirani?

Lile la pili ndilo lililoingia, likakaa.

Maana mtu wa shoto nyumbani kwangu nilikuwa namjua. Shaibu, mdogo wake Mama Zuhura, aliyekuwa analinda ghala langu. Analima kwa shoto, anarusha jiwe kwa shoto, watoto wanamwita hivyohivyo, Shoto. Mtu mzima, ana mke na watoto wawili, wote wanakula kwenye kazi ile.

Wakuu, mnajua maana yake. Silaha ya kibali ikishikwa na mwingine, kibali kinakwenda na wewe mwenyewe unaweza kwenda. Nilipanda mlima kurudi Newala nikiwa nimeshaamua. Shaibu anaondoka leo na mkewe na watoto. Na nilijua nikimtoa Shaibu kwa jina la wizi, dada yake hatabaki. Nilijua, na bado nilikuwa nakanyaga mafuta.

Nikafika alasiri. Mama Zuhura yupo uani amekaa kwenye mkeka anabangua korosho za kula, vidole vyeusi kwa ule utomvu wa maganda. Shaibu anamimina maji kwenye pipa, maana ilikuwa zamu yetu ya maji na kwetu maji ni mali.

Sikusalimia. Nikasema Shaibu, kusanya vitu vyako.

"Kuna nini shemeji?"

"Bastola yangu unaichezea. Fundi ameniambia. Mtu wa shoto."

Shaibu akaweka ndoo chini taratibu, hata tone halikumwagika. "Shemeji, mimi hiyo kitu naiogopa hata ikiwa kiunoni kwako. Ukikaa kula nahama upande."

"Fundi hakusoma jina lako kwenye chuma, lakini kidogo tu angelisoma."

Hapo Mama Zuhura akafuta mikono kwenye khanga. Akasema kwa sauti ileile ya kuuliza chumvi iko wapi:

"Baba Zuhura, hiyo bastola ina risasi?"

"Haina. Nilizitoa kabla ya kwenda kwa fundi."

"Angalia tena. Halafu nipe."

Nikaangalia tena. Sijui kwa nini nilimpa.

Akaipokea kwa mkono wa kushoto. Hakuiangalia. Alikuwa ananiangalia mimi. Dole gumba likaenda lenyewe mpaka kwenye ile sefti iliyofutika meno, likaisukuma juu. Tik. Kama mtu anayezima taa ya chumba chake.

"Ukirudi safari nakupelekea maji ya kuoga," akasema. "Unaivua, unaiweka juu ya kabati, unaingia bafuni unaimba. Miaka tisa hujawahi kuifunga hata siku moja. Naifunga mimi. Asubuhi kabla hujaivaa naifungua, njiani isikukwamie, wala hujui."

Nikamuuliza mbona hukuniambia.

"Nilikuambia. Wiki ya kwanza. Ukasema mwanamke atanifundisha mimi bastola? Nikaona maneno hayasaidii. Zuhura alikuwa anaanza kupanda viti."

Nikakumbuka. Nilisema hivyohivyo, tena nilicheka.

Nikatafuta pa kujishika, nikasema lakini wewe si mtu wa shoto.

Shaibu ndiye aliyecheka. "Shemeji, tumezaliwa tumbo moja. Mimi mwanaume, waliniacha. Yeye bibi alimfunga mkono kwa kitambaa mpaka akazoea, kwa sababu nani ataoa mwanamke anayempa mume chakula kwa kushoto?"

Mbele za watu alitumia kulia. Akiwa peke yake, mkono wenye nguvu ulikuwa ule mwingine. Tumeishi nyumba moja, nimemnunulia kitanda cha mninga, na sikujua mke wangu ana mkono gani. Aliyejua ni kile kichuma. Hata weusi wa korosho ulikuwa umeingia kwenye maungio, Mzee Hilari aliufuta akadhani ni grisi.

Nilikaa pale kwenye mkeka na suruali yangu ya safari.

Shaibu nilimtaka radhi. Akasema radhi ya mdomo kwa mtu mwenye Fuso mbili haitoshi, anataka jogoo. Nikamletea, akamchinja kwa shoto makusudi huku ananiangalia.

Sefti mpya ililetwa kutoka Dar, Mzee Hilari akaipachika. Ile iliyolika nilimwomba. Akauliza ya nini, nikasema ya kwangu. Ipo mpaka leo kwenye sanduku la hati za nyumba.

Toka siku ile nikiingia nyumbani nafunga sefti mwenyewe, natoa magazini, naangalia chemba kama kuna risasi iliyobaki, naifungia kwenye kasha. Halafu naulizwa, "Umefunga?" Nasema nimefunga. Na bado anakwenda kuangalia.

Wiki ileile walikuja wageni wa korosho, wanaume wanne. Mama Zuhura alitoka na chai. Nikamwambia mbele yao, mama, nipe kwa mkono unaoutaka. Akasita. Akanipa kikombe kwa kushoto. Wageni wakaangalia chini. Mimi nikapokea kwa mikono yote miwili.

Funzo langu ni fupi. Bastola ya sefti mbili, kagua ule ulimi wa maungio mapema, hasa kama anayeitumia ni wa shoto. Na chuma kikilika upande usioutegemea, usikimbilie kutafuta mwizi. Uliza kwanza ni nani amekuwa akikulinda.

Wenye silaha za namna hii mseme zenu zilichoka wapi. Na wenye wake wakimya, nyinyi ndio nataka hasa kuwasikia.

Najua kuna watakaouliza ilinigharimu kiasi gani, basi niwawahi. Spea elfu ishirini na saba na mia tano. Kifurushi kwenye basi elfu moja na mia mbili. Ufundi elfu tano. Jogoo wa Shaibu elfu moja na mia nane.

Shilingi elfu thelathini na tano na mia tano.