Bundi Ndani ya Friza

Nilipokuwa nimezoea kazi ya makumbusho kule Kitale, mama alitoka Bungoma kuja kujionea. Wenzake kanisani walikuwa wamemwambia ati binti yake anashinda na ndege waliokufa, na kazi kama hiyo ina mambo yake.

Hawakukosea sana. Nilitunza ndege waliokaushwa zamani na mzungu aliyekuwa na shamba sehemu iitwayo Kwanza, nje ya Kitale. Ngozi na manyoya ni yao, tumboni wamejazwa pamba, macho ni ya kioo.

"Usiguse kitu, Mama," nilimwambia mlangoni. "Ngozi zilipakwa sumu zisiliwe na wadudu."

Akaficha mikono ndani ya leso, akaketi dirishani. Nilivaa glavu, nikafunika pua, nikaendelea na korongo niliyekuwa naye. Nilimpiga brashi laini kufuata manyoya yalivyolala, huku mashine ikifyonza vumbi; mdomo wa mashine nilikuwa nimeufunga kwa soksi ya nailoni isije ikameza unyoya. Mwisho nikachovya pamba kwenye spiriti na kufuta jicho.

"Sasa anaona," mama akasema.

Kisha akauliza friza ya pale kona ni ya nini.

"Kuna bundi ndani."

"Bundi? Mnamweka kama nyama?"

"Ameingiliwa na nondo, wale wadudu wanaokula manyoya. Baridi inawaua bila kuharibu manyoya."

Akaikazia friza macho. Nilijua anakumbuka nini. Baba alipokuwa mgonjwa, bundi alilia juu ya paa letu, na mama akatoka peke yake gizani akamrushia kijinga cha moto. Baba alifariki wiki hiyo hiyo. Nikangoja achukue mkoba wake aende.

"Hebu nimwone," akasema.

Nilimtoa akiwa bado kwenye mfuko wake wa plastiki, nikamshika mbele yake. Mama aliinama, akamtazama muda mrefu.

"Kumbe ni mdogo hivi," akasema polepole. "Na vile nilimwogopa." Halafu akaniambia, "Mrudishe, asije akaharibika."

Tulikunywa chai nje, nikamsindikiza stendi. Baadaye nilisikia kwamba yule mwenzake wa kanisani aliyeanzisha maneno alimuuliza tena habari za kazi yangu, mbele ya watu. Mama alimjibu kwamba nawakinga ndege wa zamani dhidi ya nondo, na akitaka, watakwenda wote Kitale akaone.