Tulipokwenda Malvern Kuposa Tukaikuta Amerika

Nilikwenda Johannesburg kwa sababu wifi yangu Jerusha alichoka kusubiri harusi. Mwanawe Dennis, mtoto wa marehemu kaka yangu, anafanya kazi benki huko, na kwa miaka mitatu amekuwa na mchumba Mkongo aitwaye Neema. Kila Krismasi tuliambiwa ni mwaka ujao. Jerusha akaamua kwamba Wakongo wanamchezea mwanawe, na kwa vile magoti yake hayataki ndege, akanituma mimi. "Wewe ni mwalimu," akasema. "Ukiongea watu hunyamaza. Nenda, urudi na tarehe." Nilifundisha historia na uraia mjini Nakuru kwa miaka thelathini, na ni kweli kwamba watu hunyamaza nikiongea, ingawa wengine huwa wamelala.

Alhamisi alfajiri niliondoka Nakuru na sanduku moja: blanketi ya baba mkwe, leso za mama mkwe na majani ya chai ya kutosha kanisa zima. Majirani walikuwa wamenipa mawaidha. Nikifika Johannesburg nisiongee na mtu, nisitembee kwa miguu na ikiwezekana nisipumue.

Saa tisa alasiri tulitua. Dennis alinipokea akiwa amenenepa vizuri kwa mtu anayedai ana mawazo. Anaishi Turffontein, karibu na uwanja wa mbio za farasi, na njia nzima alinisimulia habari za farasi ambao hajawahi kuwaona wakikimbia. Nilimlea huyu kijana. Akianza kuongea habari za wanyama, ana jambo. Tuliposimama kwenye robot, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani, nikamwambia alitoe.

"Shangazi, si kwamba wanakataa," akasema. "Ni faili yao ya Amerika."

Basi nikaelezwa. Familia ya Neema ni wakimbizi kutoka Uvira, na tangu Neema akiwa darasa la nne wana faili ya kuhamishiwa Amerika. Faili ya namna hiyo huandikwa kila mtu wa nyumba, na badiliko lolote la familia lazima liripotiwe. Wakongo wa Malvern wanaamini kwamba kila ripoti huirudisha faili chini ya rundo. Kwa hiyo wamejitungia sheria yao: mwenye faili haoi, haolewi, na kuzaa afikirie mara mbili.

"Kanisani kwao kuna wachumba wenye mvi," Dennis akasema, na hakuwa akicheka.

Ijumaa saa nne asubuhi alinipeleka Malvern nimsalimie baba wa msichana kabla ya kikao. Ana duka la ushonaji kwenye barabara ya Jules, kati ya muuza simu na muuza majeneza. Papa Neema, kama kila mtu anavyomwita, ni mwembamba, mpole, na hushika pini mdomoni hata anapoongea. Ukutani, mahali ambapo mafundi wengine hubandika picha za mitindo, yeye amebandika mchoro alioutengeneza mwenyewe kwa kalamu ya chaki ya kukatia nguo: masanduku na mishale, ikipanda na kushuka.

"Hii ni serikali ya Amerika, Mama Mwalimu," akaniambia.

Mimi niliyefundisha mihimili mitatu ya dola kwa miaka thelathini nikafundishwa upya na mtu mwenye pini mdomoni. Rais huamua waingie watu wangapi. Bunge hutoa fedha, au hugoma kuzitoa. Wizara moja huendesha mpango, idara nyingine huhoji, nyingine hupekua majina, nyingine hupima vifua. Kipimo cha kifua huisha muda wake wakati majina bado yanapekuliwa. Majina yakitoka safi, kifua kimeshaoza kwenye karatasi, mnaanza tena. Chama chenye nembo ya tembo kikishinda, mlango unafungwa. Chama chenye nembo ya punda kikishinda, mlango unafunguliwa polepole, na kabla hujaingiza mguu ni uchaguzi tena. Katikati kuna mashirika ya kanisa yanayoshtaki mahakamani ufunguliwe, na mashirika mengine yanayoshtaki ufungwe, na majaji wa kila aina.

"Na mwenyewe ni nani?" nikauliza. "Mwenye kusema ndiyo?"

Akatoa pini mdomoni. "Mwenyewe hayuko, Mama. Kila mutu anatumwa na mwengine."

Siku hizi, akanieleza, mpango wenyewe umesimamishwa, ila kwa watu wachache, na miongoni mwa hao wachache ni Makaburu wa hapa hapa Afrika Kusini. "Sisi tulikimbilia kwao," akasema kwa Kiswahili cha kwao, ambamo "wa" yetu huwa "ba". "Kumbe nao bako kwenye foleni, na bametupita mbele." Akacheka mpaka ikabidi ashike meza. Nilitaka kumwonea huruma, lakini ni vigumu kumhurumia mtu anayekushinda kwa kicheko.

Jumamosi saa saba mchana tukaingia kuposa. Mimi, Dennis na Wakenya wawili wa benki waliovaa suti kana kwamba kuna mtu atakayekopeshwa. Sebuleni viti vilikuwa vimepangwa duara. Kwao, mjomba wa msichana ana kiti chake maalum, wala posa haiendi bila yeye. Mjomba wa Neema alibaki Uvira, na siku hiyo simu yake haikupatikana. Kwenye kiti chake wakaweka faili. Nene, imefungwa kwa kitenge cha kijani, imekaa wima kama mzee aliyekuja kusikiliza.

Nilidhani ni mzaha. Nikatabasamu. Hakuna aliyetabasamu.

Mambo ya mahari yaliisha kabla soda hazijafunguliwa zote. Kisha tukafika kwa faili, na hapo nyumba ikagawanyika vyama viwili. Mama Neema, mwanamke mnene mwenye sauti ya mnada, aliongoza chama cha Sasa. "Mutoto iko na miaka ishirini na tatu," akasema. "Amerika ilimuona akiwa na meno ya maziwa. Imungoje mpaka azeeke?" Chama cha Ngoja kiliongozwa na shemasi wa kanisa lao, mzee Bahati, ambaye ana faili yake na mabinti wanne. Alisema tumebakiza kidogo tu. Nikauliza kidogo hicho ni kiasi gani. Akasema uchaguzi mmoja, au miwili.

Papa Neema aliitazama tu faili. Neema mwenyewe, msusi wa Hillbrow, kidosho mwenye mikono iliyozoea kuvuta nywele bila huruma, alisimama mlangoni na trei ya maandazi. Alipofika kwangu aliinama akaninong'oneza: "Shangazi, mimi nimechoka kuamuliwa na watu ambao hawajawahi kuniona." Kikao kikaahirishwa hadi Jumatatu.

Jumapili, baada ya ibada, nikafundishwa somo la makundi ya maslahi. Darasani nililifundisha kwa ubao na chaki. Sikuwahi kuletewa chakula. Kwanza alikuja mwenyekiti wa kwaya na bakuli la sombe, hayo majani ya muhogo wanayoyapika mpaka unasahau ulikotoka. Akaniomba nisiharakishe, maana Neema ndiye sauti ya kwanza na kwaya ina ziara ya Pretoria. Nilikuwa sijamaliza sombe walipoingia mafundi cherehani watatu na samaki. Wao walitaka harusi mwezi huo huo, kwa sababu kitambaa cha sare kimeshachaguliwa. Mwisho alikuja mzee Bahati na akina baba watano, wote wenye faili, wote wenye mabinti. Hawakuleta chakula. Walileta hofu yao, nayo ilikuwa nzito kuliko samaki.

"Mama Mwalimu," mzee Bahati akasema, "huyu wa kwanza akiolewa, kesho wangu bote banne bataolewa. Mimi nitabaki kupeleka nani Amerika?"

Nilikula kwa pande zote mbili na sikuahidi kitu. Nadhani ningefaa bungeni.

Jumatatu saa moja asubuhi nilimwambia Papa Neema twende wenyewe tukaulize. Kuna ofisi katikati ya jiji inayopokea karatasi za faili hizo, haiamui chochote ila hupokea vizuri. Foleni ilikuwa imezunguka jengo. Tulisimama kwa saa tatu nzima, na hapo kwenye foleni, bila kuulizwa, Papa Neema akaniambia jambo ambalo hakulisema kwenye kikao.

"Faili ilianza na batu nane," akasema. "Mama yangu alikufa tukingoja. Nikaambiwa nijaze fomu ya mabadiliko, nikajaza, nikamupunguza. Dada yangu mudogo akaolewa Durban. Nikajaza tena, nikamupunguza. Mara mbili nimeshika ile fomu, mara mbili niko napunguza. Banadhani naogopa faili itarudi chini. Iko chini siku nyingi, najua. Siwezi tu kushika kalamu nimukate Neema."

Niliona aibu. Nilikuwa nimemwona mtu mwenye tamaa ya Amerika, kumbe ni baba anayekataa kufuta watu wake kwa mkono wake mwenyewe. Nikamshika mkono hapo hapo, mbele ya foleni nzima, mimi ambaye hata mazishini hushika mkoba.

Saa nne tulifika dirishani. Mama mmoja Mzulu, mwenye miwani na uchovu wa Jumatatu, akatusikiliza. Nikauliza kwa Kiingereza changu cha darasani: msichana akiolewa na tukaripoti, faili itakuwaje?

"Itasubiri," akasema.

"Tusiporipoti?"

"Itasubiri, na nyinyi mtakuwa mmedanganya."

"Na asipoolewa kabisa?"

Akavua miwani. "Eish, mama. Itasubiri."

Akatupatia fomu ya mabadiliko ya familia na kututakia siku njema, na naamini alimaanisha. Papa Neema alitakiwa aijaze pale pale. Akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati.

Saa kumi jioni tulikaa tena sebuleni, vyama vyote viwili, na faili kwenye kiti chake. Nikatoa ripoti ya ofisi, neno kwa neno. Mama Neema akapiga makofi. Mzee Bahati akasema kusubiri kuna aina nyingi. Kabla vita havijaanza, Papa Neema akaitoa fomu, akainyoosha juu ya goti, akamwita binti yake.

"Neema, unamutaka huyu?"

"Ninamtaka, Papa. Nasema hivyo mwaka wa tatu."

Akavaa miwani ya kazi. Fomu ina sehemu mbili, ya kupunguza na ya kuongeza. Kusoma karatasi iliyogeuzwa chini juu ni ujuzi wa kila mwalimu, kwa hiyo niliona kila alichofanya. Sehemu ya kupunguza akaipiga mstari, tupu. Akashuka kwenye ile ya kuongeza. Akamwuliza Dennis jina lake kamili na la baba yake, akaandika polepole kwa mwandiko wa fundi, sawa sawa kama mshono. Uhusiano na mwenye faili, karatasi ikauliza. Akaandika: mtoto.

Nilijua haiwezekani. Binti akiolewa mambo yake hufuata njia nyingine, na Dennis ana pasipoti ya Kenya, kibali cha kazi na meza benki. Si mkimbizi wa kitu chochote isipokuwa mama yake. Nikasema kwa upole, "Papa Neema, hii wataikataa."

"Najua, Mama Mwalimu. Bakatae. Lakini mbele ya kukataa, ni lazima basome jina yake." Akaifunika kalamu. "Na ile kusoma itabachukua miaka kumi."

Chumba kikalipuka kwa kicheko, mzee Bahati akiwemo. Papa Neema akainuka, akaichukua faili kutoka kwenye kiti cha mjomba, akaiweka chini ukutani, akamwelekeza Dennis akae pale. Dennis, ambaye kazini hutumia juma zima kusoma mkataba wa kurasa mbili, alipopewa fomu aliweka sahihi bila kusoma hata mstari. Kisha akajifanya anatafuta leso ya mfukoni. Tarehe tukapewa: Jumamosi ya mwisho ya Agosti.

Jumatano nilirudi. Ndegeni niliketi dirishani nikaona Johannesburg ikipungua chini, vilima vyake vya mchanga wa migodi na paa za bati, na nikamwaza yule mtu na mchoro wake wa mishale. Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kuhesabiwa na wageni miaka mingi, kisha siku moja akachukua karatasi yao akajihesabia mwenyewe. Nilikuwa nimekwenda kuwanyamazisha, nikarudi na uzito wa kilo tatu za sombe.

Jerusha alinisubiri stendi ya Nakuru amesimama, magoti na yote. "Wamekubali?"

"Tarehe hii hapa. Ila mwanao sasa ni mkimbizi wa Kongo. Ni mtu wa saba kwenye foleni ya Amerika."

Akapiga ukemi uliowageuza watu wa stendi nzima. Nikamweleza fomu, sehemu ya kuongeza, jina la Dennis na la marehemu baba yake. Alisikiliza akitikisa kichwa kwa kila neno, tayari kwa ugomvi.

"Na wakamwandika nani? Mkwe?"

"Mtoto," nikasema.

Jerusha akaacha kutikisa kichwa. Akaketi juu ya sanduku langu, katikati ya stendi, akaniomba nimwambie tena pole pole jinsi baba yake Neema alivyoliandika neno hilo.